Kuvisha matairi yanayobana kwenye magurudumu ya kaboni: mwongozo kamili

Tairi likikugomea kwenye ringi ya kaboni, kitu cha kwanza ni kuisogeza bisibisi mbali na mkono wako. Nasema hivi kwa sababu mimi niliichukua. Ringi ilikuwa yangu mwenyewe, nashukuru haikuwa ya mteja. Kilikuwa kimebaki kipande cha urefu wa kiganja tairi liingie, vidole gumba vimechubuka, na bisibisi bapa iko pale mezani inanitazama. Nikaichomeka, nikabinya. Ikalia "tik", mlio mkavu kama wa kuvunja njiti ya kiberiti, na tairi likaingia. Kesho yake nikiosha gurudumu nikapitisha kidole kwenye mdomo wa ringi, nikakuta pamebanduka kipande cha ukubwa wa ukucha na nyuzi nyeusi zimesimama kama manyoya. Gurudumu lile halikurudi barabarani.

Tangu hapo sijavunja nyingine, na mikono yangu haijaongezeka nguvu. Nilichokuja kukielewa ni kwamba tairi linalobana halihitaji nguvu, linahitaji nafasi. Nafasi hiyo ipo ndani ya ringi, ni milimita chache, na kazi nzima ya kuvisha ni kuikusanya kidogo kidogo kutoka kila pembe na kuileta pale tairi lilipokwama.

NAFASI INATOKA WAPI

Chungulia ndani ya ringi isiyo na tairi. Kuna kuta mbili, kushoto na kulia, zinazoishia juu kwenye mdomo. Chini ya kila ukuta kuna kibaraza chembamba. Hapo ndipo tairi linapokaa likishajaa upepo. Katikati ya vibaraza viwili kuna mfereji ulioshuka chini zaidi. Mfereji huo ndio rafiki yako.

Tairi nalo lina kingo mbili ngumu za kushikia ringi. Mafundi tunaziita waya, hata pale ambapo hakuna chuma: tairi linalokunjika na kuuzwa ndani ya kiboksi kidogo lina nyuzi za aramidi au kaboni badala ya waya wa chuma, lakini jina limebaki. Waya huo hautanuki. Ukivuta mpaka machozi yakutoke, urefu wake ni ule ule.

Sasa tupige hesabu kidogo. Ringi nyingi za baiskeli za barabarani zina kipenyo cha milimita 622 pale kibarazani, kwa hiyo mzunguko wake ni milimita 1,954 hivi, na waya wa tairi umetengenezwa kulingana na kipimo hicho. Tuseme mfereji umeshuka milimita 3 chini ya kibaraza. Waya ukilala ndani ya mfereji, mzunguko unaouzunguka unapungua kwa karibu milimita 19. Hizo milimita 19 ndizo zinazokuruhusu kuuvusha waya juu ya mdomo wa ringi upande wa pili. Waya ukiwa umepanda kibarazani, hata nusu ya mzunguko tu, umepoteza karibu nusu ya nafasi yako, na hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta vyuma.

Kwa nini magurudumu ya kaboni yanasumbua kuliko ya zamani? Mengi ya sasa yametengenezwa kwa matairi ya tyubulesi, yale yasiyotumia tyubu. Ili upepo usitoroke, kibaraza lazima kikumbatie waya barabara, na mara nyingi kina kituta kidogo upande wa ndani cha kuuzuia usiteleze kurudi mfereji. Sifa hiyo hiyo inayokuokoa barabarani ndiyo inayokutoa jasho gereji.

Na kaboni haikunjiki. Ringi ya alumini ukiibana vibaya inajipinda, unaiona, pengine unainyoosha. Kaboni ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi. Inavumilia mvutano mkubwa sana wa spoki na mashimo ya barabara, lakini haipendi ncha ngumu ikigandamiza sehemu moja ndogo. Tabaka zinaachana, na wakati mwingine rangi ya juu inabaki nzima ikikuficha ubovu.

SOMA NAMBA KWANZA

Kabla ya kulaumu mikono, hakikisha tairi na ringi vinaoana. Ubavuni mwa tairi tafuta namba mbili zenye kistari, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha kibaraza. Hiyo ya pili lazima ifanane na ya ringi, bila mjadala. Maandishi mengine yanapotosha. Huku kwetu ukimwambia muuza duka unataka tairi la 28, anaweza kukuletea la baiskeli kubwa ya mzigo, ile ya inchi 28 kwa moja na nusu. Kipenyo cha lile ni 635, yaani milimita 13 zaidi. Litaingia kirahisi mno kwenye ringi yako na halitakaa. La kwako linaandikwa 700x28C, na hapo 28 ni upana.

Kisha jua mdomo wa ringi yako ni wa aina gani. Pitisha ukucha kwa ndani, chini kidogo ya ukingo. Ukikwama kwenye kijino kilichojikunja, ringi ina kulabu. Ukuta ukiwa umenyooka mpaka juu, haina. Jambo hili si dogo. Ringi isiyo na kulabu inapokea tu tairi la tyubulesi ambalo mtengenezaji ameruhusu litumike humo (unaweza kuweka tyubu ndani yake, lakini tairi lenyewe lazima liwe la aina hiyo), na upepo wake hauruhusiwi kupita bar 5, ambazo ni psi 72 na ushee. Watengenezaji wa magurudumu hutoa orodha ya matairi waliyoyakubali. Isome. Februari 2024, kwenye mbio za baiskeli za UAE Tour, mwendeshaji wa Ubelgiji Thomas De Gendt alianguka baada ya tairi kuchomoka kwenye ringi isiyo na kulabu, na mabishano juu ya ringi za namna hiyo yakawaka dunia nzima. Watu walisema mengi kuhusu jiwe aliloligonga na kuhusu upana wa tairi. Mimi nilichobaki nacho ni hiki: tairi lisilo kwenye orodha silivishi, hata mteja akikasirika.

TEPU: MAHALI AMBAPO NAFASI HUIBIWA

Matairi mengi "yaliyogoma" niliyoletewa hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa chini yake, kwenye tepu.

Tepu inafunika matundu ya spoki, na inalala mle mle ndani ya mfereji. Kila unene unaouongeza unapandisha sakafu ya mfereji. Ile tepu ya kitambaa au utepe wa mpira wa zamani unaweza kuwa na unene wa milimita 1. Milimita moja inasikika ndogo, lakini kwenye mzunguko mzima inakula zaidi ya milimita 6 za nafasi yako, karibu theluthi moja ya zile 19. Tepu nyembamba ya tyubulesi, hata ukiizungusha mara mbili, inakula kama milimita moja tu. Kwa hiyo hata kama utatumia tyubu, weka tepu ya tyubulesi. Nimewahi kutoa tepu tatu zilizolaliana kwenye gurudumu moja. Kila fundi aliyepita aliongeza ya kwake.

Ng'oa ya zamani yote. Futa gundi iliyobaki kwa kitambaa na spiriti, usikwangue kwa kisu. Papasa matundu ya spoki na tundu la valvu. Kukiwa na kijikali chochote, kilainishe kwa msasa laini sana. Acha ringi ikauke.

Chagua tepu yenye upana unaozidi upana wa ndani wa ringi kwa milimita 2 hadi 3, ili ifunike mfereji na vibaraza na kuanza kupanda ukutani. Anza sentimita chache kando ya tundu la valvu, vuta kwa nguvu huku unazungusha gurudumu, tepu ikiingia mferejini bila kuacha uwazi chini yake. Ipite valvu na ilaliane yenyewe kama sentimita 10, kisha ukate. Ifuate kwa kidole gumba kilichofungwa kitambaa, uikandamize kila mahali. Tundu la valvu litoboe kwa kitu chembamba chenye ncha, dogo kuliko valvu yenyewe, kisha valvu iingie kwa kubana. Usikate msalaba kwa wembe. Mpasuko huo unaendelea kufunguka na upepo unapita chini ya tepu.

TAYARISHA TAIRI

Tairi jipya lililokunjwa limekaa ghalani miezi, limejikunja pembe kama karatasi. Likunjue, ligeuze nje ndani mara moja, kisha litundike juani robo saa au nusu saa. Jua la kawaida linatosha. Usiliweke juu ya bati la moto na usilichemshe. Tairi la uvuguvugu linalala vizuri na waya hauruki ruki.

Tazama mshale wa mwelekeo, maana ukishalivisha kwa tabu yote hii hutataka kulitoa kwa sababu limekaa kinyume. Weka chapa ya tairi iwe sambamba na valvu. Siku ya pancha, ukishauona mwiba kwenye tairi utajua wapi pa kutafuta tundu kwenye tyubu.

UPANDE WA KWANZA, NA TYUBU

Upande wa kwanza karibu kila mara unaingia bila kelele. Simamisha gurudumu, anzia upande ulio mkabala na valvu, malizia kwenye valvu. Ukibana mwishoni, kumbuka mfereji: sukuma waya ushuke katikati kule ulikoanzia.

Kama unatumia tyubu, itie upepo kidogo tu, ishike umbo la duara bila kunenepa. Pumzi ya mdomo mmoja inatosha kwa tyubu ya kawaida. Ipake poda ya watoto, isigande kwenye tairi wala kujisokota. Zile tyubu nyepesi za plastiki zenye rangi angavu zina masharti yake: hazitakiwi kuvimbishwa nje ya tairi zaidi ya kuondoa mikunjo. Na kama gurudumu lako la kaboni linashikwa na breki pembeni mwa ringi, angalia mtengenezaji anaruhusu tyubu gani, kwa sababu mteremko mrefu unachemsha ringi, na tyubu za lateksi mara nyingi zimekatazwa hapo.

Ingiza valvu kwanza, kisha tyubu yote ndani ya tairi, bila kuivuta.

UPANDE WA PILI: HAPA NDIPO KAZI ILIPO

Watu wengi huanzia kwenye valvu kwa sababu ndipo tyubu iliposhikika. Fanya kinyume. Chini ya valvu kuna kitako kinachojaza mfereji, na waya hauwezi kushuka pale. Ukianzia kwenye valvu, waya umekwisha kukaa juu na umepoteza nafasi kabla ya kuanza. Ukimalizia kwenye valvu, mfereji mzima uliobaki uko wazi kupokea waya.

Simama, gurudumu liwe wima mbele yako, sehemu ya chini imegusa zulia au boksi. Usianze valvu ikiwa juu, maana hapo unaanzia chini, na chini huoni. Mimi hufanya hivi: naanza valvu ikiwa chini, kuelekea sakafuni, na naingiza waya sehemu ya juu kwa vidole gumba viwili. Mikono inashuka pande zote mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, sentimita kadhaa kila hatua. Ikifika nusu naligeuza gurudumu, valvu inakuja juu, naliegemeza tumboni na kuendelea.

Litakuja tu mahali litakapokaza. Kwenye tairi la kawaida pabaki sentimita 10, kwenye linalobana pabaki 20 au zaidi. Acha hapo. Usisukume tena. Hiki ndicho kipindi cha kukusanya nafasi, na mtu asiye na subira hukiruka.

Kwanza toa upepo wote kwenye tyubu. Wote. Tyubu yenye upepo kidogo inasukuma waya juu kuelekea kibarazani.

Pili, rudi kule mkabala na valvu. Bana tairi kwa vidole kutoka pande zote mbili, kama unavyobana mfuko wa plastiki, ili waya wa kushoto na wa kulia wakutane katikati ya mfereji. Utauhisi ukidondoka. Sogea sentimita tano, bana tena. Endelea hivyo mpaka ukaribie sehemu iliyobaki, kisha upande mwingine hivyo hivyo.

Tatu, vuta ulichokikusanya. Weka viganja viwili juu ya tairi kule chini, mkabala na valvu, kandamiza na uburute kuja juu kuelekea valvu, pande zote kwa mpigo mmoja, kama mtu anayekamua chuchu ya ng'ombe lakini kwa viganja. Rudia mara tatu. Angalia sehemu iliyobaki: mara nyingi ile ya sentimita 20 imekuwa 12 bila wewe kuigusa.

Tatizo linalofuata ni kwamba ukisukuma upande wa kulia, wa kushoto unachomoka. Hapa vile vipande vya tyubu kuukuu tunavyofungia mizigo kwenye keria vina kazi. Funga kimoja kila mwisho wa sehemu iliyokwisha kuingia, kizunguke tairi na ringi kwa pamoja, kibane. Sasa waya hautarudi nyuma na mikono yako miwili iko huru.

Paka maji ya sabuni ya vyombo kwenye waya na mdomo wa ringi pale palipobaki. Sabuni tu, si mafuta ya kula wala grisi. Mafuta yanaharibu mpira na hayakauki.

Sasa usitumie ncha za vidole gumba. Tumia kile kitako cha kiganja, chini ya kidole gumba, na uviringishe tairi kutoka kwako kwenda mbele, kama unavyosukuma unga wa chapati. Anza pembeni mwa sehemu iliyobaki, si katikati yake. Sentimita moja kulia, moja kushoto. Zile sentimita nne za mwisho zitaingia kwa ghafla, na utashangaa mlio wake.

LIKIENDELEA KUGOMA

Usiongeze nguvu, rudi nyuma. Mara tisa kwa kumi waya umepanda kibarazani mahali fulani wakati unahangaika juu. Rudia kubana mzunguko mzima.

Ikishindikana kabisa, zipo koleo maalumu za kuvishia tairi. Upande mmoja unakaa juu ya mdomo wa pili wa ringi, upande mwingine una ulimi wa plastiki unaoushika waya na kuuvuta juu kwa juu mpaka uvuke. Uzuri wake ni kwamba hakuna kitu kinachochomekwa kati ya waya na kaboni. Kama una magurudumu ya kaboni na matairi ya tyubulesi, nunua koleo hizi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Leva, vile vijiti bapa vya kung'olea tairi, ni chaguo la mwisho. Ziwe za plastiki tupu, pana, zisizo na chembe ya mchanga. Ingiza ncha tu, isizame ndani, maana itanasa tyubu au kubandua tepu. Inua sentimita 2, hamia pembeni, inua 2 tena. Leva ikianza kupinda sana, nafasi haipo; simama utafute umeipoteza wapi. Leva ya chuma, kijiko na bisibisi tayari nimekwambia vinaishia wapi.

Na lipo tairi ambalo kwa ringi fulani haliingii kwa mikono ya binadamu, ingawa vyote vina 622. Tofauti ndogo za kiwandani zikijumlika upande mbaya, ndivyo inavyokuwa. Kama nimebana, nimepaka sabuni, nimetumia koleo na bado, nalirudisha dukani. Tairi nisiloweza kulitoa njiani na mvua inanyesha si tairi langu.

KABLA NA WAKATI WA KUTIA UPEPO

Kwa tyubu: sukuma valvu juu kuingia ndani ya tairi, kisha ivute irudi, ili tyubu isibaki imenaswa chini ya waya pale. Halafu zunguka gurudumu lote, fungua tairi kwa kidole, chungulia kila upande. Ukiona hata ukucha wa tyubu unachungulia, utasikia mlipuko ukifika nusu ya upepo. Tia bar 1, simama. Karibu kila tairi lina mstari mwembamba ubavuni, juu kidogo ya ringi; zungusha gurudumu taratibu utazame kama mstari uko umbali ule ule mzunguko mzima. Ukizama mahali, waya haujapanda. Toa upepo, paka sabuni pale, tia tena. Ukiwa sawa, endelea mpaka kiasi unachotaka.

Kwa tyubulesi: toa ulimi wa ndani wa valvu ili upepo uingie kwa wingi. Paka sabuni pande zote mbili. Pampu ya mguu yenye tangi inaweza kufaa. Pampu ya kawaida wakati mwingine haifui dafu. Wengi wetu tunaishia kwenye kompresa ya mtu wa matairi ya magari, na hapo uwe macho. Kompresa ile inahifadhi upepo mwingi kuliko ringi yako inavyovumilia, na tairi la baiskeli linajaa kwa kufumba na kufumbua. Geji yake huwa ya psi. Bar 1 ni psi 14.5. Mwambie akupe mipulizo mifupi, wewe ushike geji. Nilimwambia kijana mmoja, "Taratibu mdogo wangu, hili si la Fuso," akacheka, lakini aliachia mapema.

Utasikia "pa!" mara kadhaa. Ni waya ukipanda kibarazani, usishtuke. Kikomo ni kile kilicho kidogo kati ya viwili: kilichoandikwa kwenye tairi na kilichoandikwa kwenye ringi. Ukikifikia na mstari bado umezama mahali, usikipite. Toa upepo, sabuni, upya.

Waya ukishakaa pande zote, toa upepo taratibu bila kulisukuma tairi, mimina dawa ya pancha kupitia valvu, mililita 30 hadi 40 kwa tairi la upana wa 28, kama 60 kwa pana la changarawe. Rudisha ulimi, tia upepo, zungusha gurudumu, lilaze upande mmoja dakika kadhaa, kisha wa pili. Acha usiku kucha. Kupungua kidogo asubuhi ni kawaida. Likilala kabisa, tafuta povu kwenye matundu ya spoki, maana hapo tepu inavuja. Kwenye joto la Dar au Mombasa dawa hukauka upesi, basi ichunguze kila baada ya miezi miwili.

KAGUA MDOMO WA RINGI

Kila nikivisha au kutoa tairi, nachukua pamba au soksi kuukuu ya nailoni, naipitisha polepole kwenye midomo yote miwili ya ringi. Inaponasa kuna uzi uliosimama. Kisha tochi, kwa pembe ya chini, natafuta mstari mweupe au rangi iliyovimba. Nikiona ufa, gurudumu linaning'inia ukutani mpaka mtu anayejua kutengeneza kaboni aliangalie. Gundi ya dukani haitibu.

LITOE KABLA HUJATOKA

Sasa umemaliza, na hutaki hata kuliangalia tairi hilo. Litoe, nyumbani, kwenye kivuli, ukiwa na chai. Kama ni la tyubulesi, fanya hivi kabla hujamimina dawa.

Toa upepo wote. Waya umegandamana na kibaraza, hasa wa tyubulesi, na hautashuka kwa kuombwa. Sukuma ubavu wa tairi kwa vidole gumba viwili mahali pamoja mpaka ukubali kuachia, kisha ufuate mzunguko mzima, upande wa kwanza na wa pili. Ukikataa, laza gurudumu juu ya zulia, piga goti kwenye tairi lenyewe, si kwenye ringi wala spoki. Hapo bana mkabala na valvu, vuta nafasi kuja kwenye valvu, na inulia pale pale kwenye valvu kwa leva ya plastiki. Mahali pa kumalizia kuvisha ndipo mahali pa kuanzia kutoa.

Livishe tena. Utaona limelegea kidogo kuliko mara ya kwanza. Mpira umelainika na mkono umeshajua njia. Kisha funga mkoba wa chini ya tandiko: tyubu moja, leva mbili za plastiki, vipande viwili vya tyubu kuukuu, kichupa kidogo cha maji ya sabuni, na pampu. Koleo zangu haziingii mkobani, kwa hiyo huwa nazifunga na mpira kwenye bomba la tandiko.